India: Kijiji kidogo huhesabiwaje, na barabara hukifikiaje?

Mtu anayetafuta habari za kijiji kidogo nchini India mara nyingi hukuta mistari michache tu. Kijiji kiko wilaya fulani, kina kaya themanini au mia moja, wakazi mia nne na ushei, basi halifiki, na kituo cha treni kiko umbali wa zaidi ya kilomita 10. Habari inaishia hapo.

Kwa msomaji wa mbali mistari hiyo ni mikavu, lakini kwa wanaoishi kijijini ina uzito mkubwa. Idadi ya watu iliyoandikwa hapo ndiyo inayochangia kuamua kama serikali itawajengea barabara au la. Na barabara ndiyo inayoamua kama mama mjamzito atafika hospitali usiku wa mvua, kama msichana ataendelea na sekondari, na kama mboga zitafika sokoni kabla hazijaoza. Katika makala haya tunaeleza hesabu hizo zinatoka wapi, zinasomwaje, na zinafanya kazi gani.

Kijiji ni nini kwa hesabu za India?

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2011, India ilikuwa na watu bilioni 1.21. Kati yao takriban milioni 833, yaani karibu watu 69 katika kila 100, waliishi vijijini. Orodha ya sensa hiyo ilikuwa na vijiji zaidi ya 640,000. Wahindi wenyewe wangesema laki sita na elfu arobaini, na Mswahili angewaelewa bila mkalimani, kwa sababu neno "laki" lilitufikia kutoka kwao.

Si vijiji vyote hivyo vyenye watu. Zaidi ya 40,000 havikuwa na mkazi hata mmoja. Vijiji vya namna hiyo huitwa be-chirag, maana yake visivyo na taa. Ardhi imepimwa, ina jina na mipaka katika daftari la serikali, lakini hakuna nyumba inayowashwa taa jioni. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: kijiji kwa maana ya sensa si lazima kiwe kundi la nyumba. Ni eneo la ardhi lenye mipaka rasmi, iliyowekwa hasa kwa ajili ya kumbukumbu za mashamba na kodi ya ardhi.

Ndani ya kijiji kimoja cha daftari kunaweza kuwa na vitongoji kadhaa vilivyoachana. Bihar na majimbo ya jirani kitongoji huitwa tola, na Rajasthan huitwa dhani. Mara nyingi watu wa tabaka moja huishi pamoja, na kitongoji cha Madalit, watu ambao kwa karne nyingi walitengwa kama wasioguswa, kiko pembeni, ng'ambo ya mashamba. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuandikwa kuwa kimefikiwa na barabara, huku kitongoji chake kimoja kikiwa bado kinapita kwenye matuta ya mpunga.

Utawala nao una mipaka yake. Baraza la kijiji linalochaguliwa na wananchi huitwa gram panchayat, na lilipewa nguvu ya kikatiba kwa marekebisho ya mwaka 1992. Mabaraza hayo ni takriban 250,000 nchi nzima, hivyo ni kawaida baraza moja kusimamia vijiji viwili, vitatu au zaidi.

Na mji je? Bila kuhesabu maeneo ambayo sheria imeyatangaza kuwa miji, sensa huliita eneo mji ikiwa lina watu wasiopungua 5,000, wanaume wasiopungua robo tatu ya wale wenye kazi za kudumu wanafanya kazi zisizo za kilimo, na kuna watu wasiopungua 400 kwa kila kilomita ya mraba. Eneo lisilotimiza masharti hayo yote huhesabiwa kuwa kijiji, hata kama lina watu elfu kumi.

Karani wa sensa huandika nini?

India imefanya sensa kila baada ya miaka 10 tangu 1881, na kabla yake kulikuwa na hesabu ya 1872 ambayo haikufanyika kwa siku moja nchi nzima. Sensa ya 2011 ilikuwa ya 15. Nyumba ziliorodheshwa mwaka 2010, kisha watu wakahesabiwa kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari 2011. Kazi hiyo ilihitaji watu takriban milioni 2.7, wengi wao walimu wa shule.

Matokeo ya kila kijiji yako katika kitabu cha sensa cha wilaya. Kitabu hicho kina sehemu mbili zinazotuhusu. Moja ni muhtasari wa watu: idadi ya kaya, wanaume na wanawake, watoto wa chini ya miaka 7, wanaojua kusoma na kuandika, watu wa matabaka yaliyotengwa na watu wa makabila yanayotambuliwa kwa sheria, na wafanyakazi. Wafanyakazi wenyewe hugawanywa: wanaolima shamba lao, vibarua wa mashamba, wa viwanda vya nyumbani, na wengineo. Pia hutenganishwa waliofanya kazi miezi 6 au zaidi katika mwaka na waliofanya kazi chini ya hapo.

Takwimu za nchi nzima humsaidia msomaji kupima kijiji chake. Mwaka 2011 kulikuwa na wanawake 943 kwa kila wanaume 1,000. Waliojua kusoma na kuandika, kati ya watu wa umri wa miaka 7 na kuendelea, walikuwa asilimia 73, na vijijini asilimia 68 hivi. Kijiji chenye wanawake 800 tu kwa wanaume 1,000 kinaeleza jambo zito kuhusu watoto wa kike. Kijiji chenye wanawake 1,100 kwa wanaume 1,000 huenda kinaeleza jambo tofauti kabisa: wanaume wameondoka kutafuta kazi.

Hapa panahitaji uangalifu. Sensa ya India humhesabu mtu mahali anapoishi kwa kawaida, ikiwa alikuwepo hapo wakati wowote ndani ya siku za kuhesabu. Ambaye hakuwepo siku zote hizo huhesabiwa huko aliko. Februari ni katikati ya msimu wa tanuri za matofali, ambako familia nzima za vibarua huhamia baada ya mvua na kurudi karibu na mvua inayofuata. Kijiji cha vibarua kinaweza kuonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa sababu tu ya mwezi kilipohesabiwa.

Herufi a, b na c

Sehemu ya pili ya kitabu hicho ni orodha ya huduma. Kwa kila kijiji huulizwa: Kuna shule ya msingi? Zahanati? Posta? Kuna basi la umma, basi la binafsi, kituo cha treni? Kuna barabara ya lami, barabara ya changarawe, au njia ya miguu tu?

Kama huduma ipo kijijini, jibu ni "ndiyo". Kama haipo, karani huandika herufi inayoonyesha umbali wa kuifuata. Herufi "a" ni chini ya kilomita 5, "b" ni kati ya kilomita 5 na 10, na "c" ni zaidi ya kilomita 10. Kwa herufi hizo tatu mtu anaweza kusoma maisha ya kijiji kizima. Kijiji chenye "a" kwenye basi kina wakazi wanaotembea nusu saa hadi saa moja kwenda barabara kuu. Kijiji chenye "c" kwenye basi na "c" kwenye hospitali ni kijiji ambacho mgonjwa hubebwa kitandani.

Udhaifu wa herufi hizi ni kwamba hazielezi njia yenyewe. Kilomita 4 za lami na kilomita 4 zinazovuka mto usio na daraja zote ni "a". Herufi pia haitofautishi Januari na Agosti. Mvua kubwa za India huletwa na pepo za kusi, zilezile zinazojulikana na mabaharia wa pwani yetu, na hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Katika miezi hiyo mkondo wa futi moja unaweza kugeuka mto, na njia ya vumbi kugeuka tope linalonasa hata mkokoteni wa ng'ombe.

Kwa nini watu 500 ni muhimu

Tarehe 25 Desemba 2000, serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilizindua mpango uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kwa Kiswahili ni Mpango wa Waziri Mkuu wa Barabara za Vijijini. Lengo lilikuwa kukiunganisha kila kitongoji cha kiwango fulani cha watu na barabara inayopitika mwaka mzima. Vitongoji vyenye watu 1,000 au zaidi vilipangiwa kumalizwa ndani ya miaka mitatu, na vyenye 500 au zaidi kufikia 2007. Kwenye milima, jangwani na maeneo ya makabila, kiwango kiliwekwa watu 250, na baadaye kikashushwa hadi 100 katika wilaya zilizoathiriwa na uasi wa Wamao.

Mpango huu ulifanya maamuzi matatu ambayo mkazi wa kijiji kidogo anapaswa kuyajua.

La kwanza, kipimo ni kitongoji, si kijiji cha daftari. Vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 kutoka kimoja hadi kingine kwa njia ya miguu vinaweza kuunganishwa na kuhesabiwa kama kimoja. Milimani umbali huo ni kilomita 1.5. Hivyo vitongoji viwili vya watu 280 kila kimoja, vikiwa jirani, vinavuka mstari wa 500. Vikitenganishwa na kilomita moja ya mashamba ya tambarare, vyote viwili vinabaki nje.

La pili, kila kitongoji kina haki ya barabara moja tu. Kikishaunganishwa na barabara kuu, au na kitongoji kingine chenye barabara, mpango humaliza kazi yake hapo. Kama barabara hiyo inaelekea upande usio na soko wala hospitali, hilo ni suala la mipango mingine.

La tatu, "inayopitika mwaka mzima" haina maana ya lami. Maana yake ni kwamba maji hayafungi njia: kuna makalvati, mitaro na madaraja madogo, na ikikatika ni kwa muda mfupi unaokubalika. Mkandarasi anatakiwa pia kuitunza barabara kwa miaka mitano baada ya kuimaliza.

Mwanzoni gharama zote zilibebwa na serikali kuu. Baadaye majimbo yalitakiwa kuchangia asilimia 40, na majimbo ya milimani na ya kaskazini mashariki asilimia 10. Zaidi ya kilomita 700,000 zimejengwa tangu mpango uanze, ingawa malengo ya awali ya muda yalipitwa sana. Septemba 2024 serikali iliidhinisha awamu ya nne: kilomita 62,500 za kufikia vitongoji 25,000 ambavyo bado havijaunganishwa, hadi mwaka wa fedha 2028/29. Awamu hiyo inatumia idadi ya watu ya sensa ya 2011 badala ya ile ya 2001. Kitongoji kilichokuwa na watu 460 mwaka 2001 na 520 mwaka 2011 kilisubiri zaidi ya miaka 20 ili kuongezeka kwake kutambuliwe.

Kwa kulinganisha, kipimo kinachotumiwa na Umoja wa Mataifa katika malengo ya maendeleo huuliza ni wakazi wangapi wa vijijini wanaishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Kipimo hicho, kilichoandaliwa na Benki ya Dunia, huhesabu watu mmoja mmoja. Kile cha India huhesabu makazi, na makazi yasiyotimiza idadi hayaingii foleni.

Gehlaur: kilomita 55 ziligeuka 15

Hakuna kijiji kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko Gehlaur, katika wilaya ya Gaya, jimbo la Bihar. Kijiji hicho kilitenganishwa na mji wa Wazirganj na kilima cha mawe. Upande wa pili kulikuwa na daktari, soko na shule. Aliyetaka kufika huko ama alipanda kilima kwa miguu, ama alikizunguka.

Dashrath Manjhi alikuwa kibarua wa jamii ya Wamusahar, mojawapo ya jamii maskini kabisa kati ya Madalit. Mkewe, Falguni Devi, alifariki dunia. Simulizi zinatofautiana kuhusu alivyoumia au kuugua, lakini zote zinakubaliana kwamba kilima kilisimama kati yake na matibabu. Kuanzia 1960 Manjhi alianza kukipasua kilima hicho kwa nyundo na tindo. Majirani walimwona mwendawazimu. Alifanya kazi hiyo kwa miaka 22, hadi 1982, na kuacha njia yenye urefu wa mita 110 na upana wa mita 9 hivi. Safari kati ya tarafa za Atri na Wazirganj ilipungua kutoka kilomita 55 hadi 15.

Manjhi alifariki Agosti 2007 jijini Delhi, na serikali ya Bihar ikampa mazishi ya heshima za kitaifa. Filamu kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2015, na stempu yenye picha yake mwaka 2016. Lakini ukiacha sifa, hesabu yenyewe inauma: mita 110 za mwamba, kazi ambayo mitambo ya ujenzi ingeifanya kwa muda mfupi, zilimchukua mtu mmoja zaidi ya miongo miwili, kwa sababu watu wa upande ule hawakuwa kwenye orodha ya yeyote.

Barabara ikifika, nini hubadilika?

Kwa kuwa vijiji vyenye watu 510 vilipata barabara na vyenye 490 havikupata, ingawa vinafanana kwa kila kitu, watafiti waliweza kuvilinganisha. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walichapisha mwaka 2020 matokeo yaliyowashangaza wengi. Barabara haikuongeza sana mavuno, mapato wala mali ya kaya ndani ya miaka michache ya kwanza. Ilichofanya ni kuwaondoa watu mashambani kwenda kufanya kazi nyingine nje ya kijiji. Barabara ilitumika zaidi kutoka kuliko kuleta kitu ndani.

Kwenye elimu habari ilikuwa njema zaidi. Watafiti hao hao, wakiwa na Anjali Adukia, waligundua kwamba uandikishaji katika madarasa ya kati uliongezeka kwa takriban asilimia 7 barabara ilipojengwa.

Wakati mwingine chombo kidogo hufanya kazi kubwa. Mwaka 2006 Bihar ilianza kuwapa wasichana waliofika darasa la 9 fedha za kununulia baiskeli. Utafiti wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash ulionyesha kuwa uandikishaji wa wasichana katika ngazi hiyo uliongezeka kwa asilimia 32, na faida ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyo mbali na sekondari. Lakini baiskeli nayo inahitaji njia isiyozama.

Kwenye afya, wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 39 katika utafiti wa kitaifa wa 2005/06, na wakafika asilimia 89 katika ule wa 2019/21. Barabara si sababu pekee. Katika kipindi hicho serikali ilianza kuwalipa akina mama fedha taslimu wajifungulie hospitali, wahudumu wa afya wa vijijini waitwao ASHA wakaajiriwa, na magari ya wagonjwa yanayopatikana kwa kupiga namba 108 yakaenea kutoka Andhra Pradesh. Hata hivyo gari la wagonjwa haliwezi kumfikia mgonjwa pasipo njia.

Barabara bila gari

Lami haimbebi mtu. Baada ya barabara kujengwa, swali linalofuata ni nani atapita na chombo gani. Katika baadhi ya majimbo, kama Himachal Pradesh milimani, mabasi ya shirika la jimbo hufika vijiji vya mbali, ingawa mara moja au mbili kwa siku. Kwenye tambarare za kaskazini kazi hiyo hufanywa zaidi na jipu za kuchangia, tempo, na pikipiki za magurudumu matatu. Hizo sisi tunazijua vizuri: "bajaji" ni jina la kampuni ya India, na hata neno "gari" asili yake ni Kihindi.

Vyombo hivi huondoka vikijaa. Kijiji chenye watu 400 hakijazi jipu kila saa, kwa hiyo abiria husubiri, au hulipa nafasi zilizo wazi. Usiku havipo. Wanaoumia zaidi ni wanawake, ambao mara nyingi hawana pikipiki yao wala fedha mkononi. Baadhi ya majimbo yamejibu kwa kuwasafirisha wanawake bure katika mabasi ya kawaida ya umma, Tamil Nadu tangu 2021 na Karnataka tangu 2023. Nafuu hiyo inamfikia tu yule ambaye kijijini kwake basi linapita.

Kuna pia barabara zilizopo kwenye karatasi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Jonathan Lehne, Jacob Shapiro na Oliver Vanden Eynde ulilinganisha kumbukumbu za mpango wa barabara na orodha ya huduma ya sensa. Ulikuta barabara zilizoandikwa kuwa zimekamilika na kulipiwa, huku sensa ikisema kijiji hakina barabara inayopitika mwaka mzima. Jambo hilo lilitokea zaidi pale mkandarasi alipokuwa na jina la ukoo sawa na la mbunge wa eneo hilo. Jibu lililojazwa katika orodha ya sensa likawa ushahidi.

Sensa inayofuata

Sensa ya 2021 haikufanyika. Iliahirishwa kwa sababu ya janga la corona, kisha ikaahirishwa tena na tena. Juni 2025 serikali ilitangaza rasmi kwamba hesabu mpya itakuwa na tarehe ya rejea ya 1 Machi 2027, na kwa maeneo yenye theluji, kama Ladakh na milima ya Himachal Pradesh na Uttarakhand, 1 Oktoba 2026. Kwa mara ya kwanza tangu India ipate uhuru, sensa itauliza pia tabaka la kila mtu.

Hadi matokeo hayo yatoke, kila kijiji kidogo cha India kinaendelea kujulikana kwa idadi ya mwaka 2011. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ni kijana sasa, na waliohama wamehama. Kwa hiyo, msomaji anapokuta mistari ile michache kuhusu kijiji asichokijua, aitazame kwa maswali matatu: Hii ni idadi ya mwaka gani? Ni ya kijiji kizima au ya kitongoji kimoja? Na umbali ulioandikwa hapo unapitika Agosti?